Tuta Nililoliita Hazina

Binti wa marehemu Byaruhanga alinipigia simu Jumatatu, analia kidogo huku anapanga mambo mengi. Mzee ametuacha, alisema, mazishi ni Ijumaa, kijitabu cha ibada kinapelekwa kuchapwa Jumatano, na familia ingefurahi kama ningeandika aya mbili za jinsi baba yao alivyonivumbua. Neno alilotumia ni hilo hilo, kunivumbua. Nilimpa pole, na pole yenyewe ilitoka moyoni, maana baba ni baba. Kisha nikamwambia sitaandika. "Hata mistari miwili, Auntie?" Hata miwili. Najua kwamba marehemu hasemwi vibaya, kwetu na kwao vilevile, ndiyo maana sikumweleza sababu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikizunguka nyumbani nikigombana na masufuria. Nina hasira, na si hasira mpya. Ni ya mwaka mmoja tu, wa pili baada ya vita vya msituni vya Uganda, mwaka nilioandika kitabu changu cha kwanza. Watu wazima wenye mvi hunisimamisha barabarani na kuniambia walivyokipenda utotoni, jinsi walivyochimba nyuma ya nyumba zao wakitafuta dhahabu. Husema hivyo wakicheka, nami hutazama pembeni mpaka wamalize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Mjaluo niliyevuka mpaka kufuata kazi, na hayo ya nyumbani yanatosha. Nilipanga chumba Makindye kwa mjane mmoja aliyeitwa Nalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama aliyezaa pacha. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, kimeshikana na jiko. Kilikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kipande cha tofali, na dirisha dogo. Ukiinama kidogo dirishani uliuona mlima wa Kibuli na msikiti wake. Ukisimama wima uliona migomba ya Nalongo, mfenesi mmoja mkubwa, na chini ya mfenesi tuta la udongo lenye urefu wa kitanda, limezungushiwa mawe. Ukutani, juu ya mchago, palikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa kwa simenti ya rangi tofauti na ukuta. Siku ya kwanza niliyahesabu, ya pili nikaning'iniza kanga juu yake, na baada ya hapo sikuyafikiria tena. Hivyo ndivyo nilivyoishi Kampala miezi ile ya mwanzo, naziba kwa kanga kila nisichotaka kukijua.

Nalongo alipika matoke kila siku. Aliyamenya asubuhi na mapema, akayafunga kwenye majani ya mgomba, akayaweka sufuriani yaive polepole kwa mvuke mpaka mchana, na harufu ile ya majani ikaingia chumbani kwangu kabla sijafungua macho. Jumapili alinitengea sahani, matoke na mchuzi wa njugu, akaileta mwenyewe mlangoni, akapiga magoti kidogo kama mila yao inavyotaka, ijapokuwa alinizidi umri mara mbili na mimi nilikuwa mpangaji tu. Nilikuwa nikiona aibu. Aliniita nyabo, yaani bibie, na tuliongea kwa Kiluganda changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha kanisani. Kiswahili hakutaka kukisikia. Nilipokuwa nikijisomea kwa sauti kurasa nilizoandika, ili nisikie kama sentensi zinakwenda, alikuja akafunga dirisha langu kutoka nje bila kusema neno. Nilidhani ni dharau. Nilimsimulia mwenzangu mmoja kazini, Mkenya kama mimi, naye akasema Waganda ndivyo walivyo, wanajiona. Tulicheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wawili tulikuwa tukihukumu kitanda kizima kutoka mlangoni.

Kazi yangu ilikuwa Nakawa, katika kampuni ndogo ya vitabu ya Byaruhanga, vyumba vitatu juu ya ghala. Nilisahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa. Byaruhanga alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, shati jeupe kila siku, mkarimu wa chai na wa ahadi. Mpangaji wa herufi alikuwa Mkongo mmoja, Papa Deo, aliyeokota herufi za risasi moja moja kwa koleo, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Siku moja Byaruhanga alituita mezani kwake akasema serikali inazungumza juu ya Kiswahili kuingia shuleni, na atakayekuwa na kitabu tayari ndiye atakayekula. Akanigeukia. "Wewe Kiswahili ni chako. Niandikie hadithi ya watoto. Iwe na hazina ndani. Watoto wanapenda hazina." Sikulala kwa furaha. Leo nikikumbuka furaha ile natamani kumshika msichana yule masikio.

Hadithi yenyewe niliipata upesi, maana ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wahindi walipofukuzwa nchini, inasemekana walizika dhahabu yao bustanini, wakitumaini kurudi. Kila mtaa ulikuwa na nyumba yake ya Mhindi na shimo lake la kukisiwa. Nikaamua watoto wawili watafute dhahabu hiyo Makindye, na kwa kuwa nilitaka iwe na ukweli, nikaanza kutembea jioni na daftari, nikiuliza nyumba ipi ilikuwa ya Mhindi. Watu walinijibu kwa adabu na kwa ufupi. Niliona wanavyolitazama daftari. Mzee mmoja fundi viatu aliniuliza, "Unaandika majina?" Nikasema hapana, ni hadithi tu. Akasema, "Kale," yaani haya, "basi andika hadithi," akarudi kwenye kiatu chake. Niliporudi nyumbani mikono mitupu, nikatazama nje ya dirisha nikaona nilichokuwa nikikitafuta. Tuta lile chini ya mfenesi. Halikuwa na msalaba, halikuwa na jina, halikuoteshwa kitu, lakini Nalongo alilipalilia kila Jumamosi. Nani apalilie udongo mtupu? Nikakaa nikaandika sura nzima usiku huohuo. Niliweka mfenesi, mawe, msikiti unaoonekana ng'ambo, bomba la maji kwenye kona, hata rangi ya geti. Byaruhanga aliposoma alipiga meza. "Naona! Naona mahali penyewe!" alisema.

Na mimi ni mtu wa kwetu. Hapo ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe. Kwetu mtu akipotea ziwani au vitani, mwili usipatikane, ukoo huzika tunda la mti wa yago badala yake, refu na zito, kwa matanga kamili, ili aliyepotea asizurure. Nililiona likifanywa nikiwa mtoto. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho na nikatazama kaburi, nikaona dhahabu.

Jumamosi moja mchana niliwakusanya watoto wa majirani barazani niwasomee sura hiyo, nione kama itawashika. Iliwashika. Walikuwa kimya, midomo wazi. Nilipofika mahali ambapo watoto wa hadithi wanaingiza jembe udongoni, Nalongo alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliwaambia watoto kwa Kiluganda waende kwao, nao wakatawanyika. Kisha akakaa mkekani mbele yangu, akanyoosha miguu, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili alichokuwa nacho siku zote, "Nyabo, hapo hakuna zahabu. Hapo ni kabuli."

Aliendelea bila haraka. "Waswa yangu, mukubwa wa mapacha. Alikuwa natengeneza ledio. Asikali walikuja asubuhi, chai bado ya moto. Waliziba njia huku na huku. Watu wote, toka nje, lala chini. Sisi tunalala chini, mikono mbele. Halafu wanachagua. Wewe, panda gali. Wewe, panda gali. Waswa akashika sukuludiraiva bado mukononi. Akapanda." Akasafisha mwiko kwa kiganja. "Tuliuliza kila mahali. Mwaka wa kwanza, wa pili. Wazee wakasema, hapana kungoja tena. Tukakata mugomba, tukafunga na lubugo, tukazika." Lubugo ni ile nguo ya gome la mti wanayozikia watu wao. "Lakini tulizika kimya. Hakuna kulia, hakuna kuita jina. Asikali walikuwa pale juu, kambini. Mwenye kulia, wanauliza, unamlilia nani?" Akanitazama usoni. "Sisi tunasema pacha hafi, anaruka tu. Ni mwiko kusema amekufa. Mimi nasema wameua. Na wewe kila siku unasoma hapo ndani na luga yao."

Lugha yao. Nilitaka kumwambia kwamba ni lugha ya bibi zetu sokoni, ya michezo, ya mapenzi, kwamba mtoto wa Mombasa hulazwa nayo. Nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko pekee ninakojivunia mwaka ule. Nilimwomba anisamehe. Alisema, "Hukujua," akainuka kwenda kutazama matoke yake. Nilibaki barazani na karatasi mapajani, na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Siku zilizofuata nilirudi kwenye zile nyumba nilizokuwa nimezipita, safari hii bila daftari, na badala ya kuuliza habari za Wahindi nikauliza kama walikuwapo siku za panda gari. Walikuwapo. Fundi viatu alikuwa na kaka. Mwanamke aliyeuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, karibu na bomba alikuwa na mume. Nikajifunza kwamba alianza kukaa pale na sinia lake kwa sababu pale ndipo lori liliposimama, na hakutaka kupotea njia kama mume angerudi. Miezi yote ile nilinunua kabalagala zake nikilalamika kwamba ni ndogo. Mlima mzima wa Makindye ulikuwa umekaa juu ya jambo hilo, wanapika, wanakwenda kanisani na msikitini, wanapeana habari za asubuhi. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliolisema, na wanafunzi wa shule za pale walikuwa wakikariri tarehe za wafalme wa Uingereza.

Nikaandika upya. Katika hadithi mpya watoto wanakwenda kuchimba dhahabu, mwanamke anawazuia, anawaketisha na kuwaambia nani amezikwa, nao wanamsaidia kupanda maua. Haikuwa na lolote la siasa. Nilimwuliza Nalongo kama naweza kutumia habari yake. Alifikiri siku mbili. Kisha akaja mlangoni, hakupiga magoti safari hii, akasema, "Andika. Lakini weka jina. Waswa Lubega. Usiweke jina ingine ya mchezo." Nikamwahidi. Papa Deo aliipanga sura ile kwa mikono yake, na alipofika kwenye jina aliacha kuimba. "Kwetu pia banabebaka batu vile," aliniambia. "Hakuna mwenye anaandikaka." Alinipigia prufu ya ziada, nikamletea Nalongo. Alikuwa akimenya ndizi. Akanawa mikono, akaikausha vizuri, akanitaka nimwonyeshe jina lilipo. Aliweka kidole chini yake akakaa nacho hapo. Halafu akanirudishia karatasi, akarudi kwenye ndizi zake, na jioni ile dirisha langu halikufungwa.

Byaruhanga aliisoma mbele yangu. Alipomaliza alivua miwani. "Binti yangu," alisema, "umeandika vizuri sana. Lakini nchi hii ina kidonda, ndiyo kwanza kinakauka. Tusikikwaruze." Nikasema kidonda hakijaoshwa. Akatabasamu kwa upole ule uliomjengea sifa mjini, akasema watoto hawahitaji mambo haya, wakubwa nao hawayataki, na wanunuzi wa kwanza ni shule za watoto wa askari, kwa sababu huko ndiko Kiswahili kiliko. "Unajua nani leo amevaa sare na jana alivaa ipi? Mimi sijui. Funika kombe mwanaharamu apite." Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari kwenye sura yote, polepole, akitumia rula. Akarudisha ya kwanza, ile ya dhahabu. Kisha akageuza prufu ya mwisho upande wangu, akaonyesha mahali pa sahihi. Angeweza kuchapa bila mimi. Hakutaka. Alitaka mkono wangu uwepo.

Nilitia sahihi. Nimejaribu miaka yote hii kuliandika tendo hilo kwa namna itakayonipunguzia, na haipo. Sikutishwa. Sikufungiwa mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka kuona jina langu kwenye jalada, basi. Jina langu kwa jina la Waswa, hayo ndiyo mabadilishano. Papa Deo alipobomoa kurasa zile na kurudisha herufi kwenye visanduku vyake hakuniangalia. Byaruhanga alinunua soda. Wangeniuliza waombolezaji wake wiki hii kwa nini sina neno la kuandika juu yake, hiyo ndiyo ningewaambia, ile rula. Mtu akifuta kwa hasira unaweza kusema alighafilika. Yeye alinyoosha mstari.

Nalongo sikumwambia. Kila alipouliza nilisema kitabu bado kiko mashineni. Kilipotoka nilificha nakala zangu chini ya godoro. Nilijipa matumaini kwamba yeye hasomi Kiswahili, kwamba Makindye hakuna duka la vitabu, kwamba yatapita. Sikukumbuka kwamba shule za watoto wa askari zilikuwa na watoto wa kambi iliyo juu ya nyumba yetu, na kwamba mimi mwenyewe, kwa kutaka ukweli, nilikuwa nimewachorea njia kutoka bomba la maji hadi geti la kijani.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo. Nilirudi kutoka Nakawa mapema, jua bado kali, na kabla sijafika getini nikasikia sauti. "Chimba! Chimba hapo! Wewe, shika mawe, weka huko!" Sauti za watoto, Kiswahili safi cha kambini, kinachoamrisha hata katika mchezo. Walikuwa wanane au tisa, na majembe mawili, na mmoja alishika kitabu changu kimefunguliwa, anasoma, wengine wanafuata. Mawe yalikuwa yamesukumwa pembeni. Shimo lilifika kiunoni mwa yule mdogo. Walikuwa wamelifikia gome, wamelivuta nje, jekundu-kahawia na lililooza, na nyuzi za mgomba zimetapakaa kwenye majani. Waliponiona walifurahi. "Auntie, kuna kitu kilifungwa! Kuna kitu!"

Nikakimbilia jikoni. Nalongo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kando ya jiko la mkaa, mikono imenyooshwa mbele, viganja chini, kama alivyofundishwa. Ndizi alizokuwa akimenya zilikuwa zimemwagika. Alikuwa amesikia amri bustanini kwake, kwa lugha ile, naye akatii. Nilimwita. Hakuinua uso. Nilipiga magoti nikamwambia ni watoto, Nalongo, ni watoto tu, ni kitabu changu, niliandika dhahabu. Ilibidi niseme mara tatu. Ndipo akakunja mikono taratibu, akakaa, akafuta shavu kwa gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda lenye mshipi.

"Na jina?" aliuliza.

"Halimo."

Nilitaka anipige, nakwambia kweli, niliungoja ule mkono. "Watoto hawakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Alitoka nje na panga. Watoto waliona panga wakarudi nyuma hadi ukutani, wakabanana pale, yule wa kitabu amekificha mgongoni. Nalongo hakuwatazama. Alichagua mgomba, akaukata kwa mapigo mawili, akauangusha, akapima kipande kwa hatua zake, akanipa upande mmoja nibebe. Ulikuwa mzito na maji yake yaliniingia mikononi, nguo yangu ya kazini ikaharibika. Lubugo jipya hatukuwa nalo. Alivua mshipi wa gomesi yake akaufunga, akalitandika lile la zamani juu, vipande vilivyosalia. Tukashuka naye shimoni, mimi na yeye, tukamlaza. Tulipotoka alisimama ukingoni, akaniambia kwa Kiswahili, kila neno limenyooka, "Mala ya kwanza tulimzika kimya. Leo hapana kimya. Ita jina. Na luga yako, sababu iko luga yao. Ita, wale wa juu wasikie."

Nikasema, "Waswa Lubega."

"Hakuna mutu amesikia."

"Waswa Lubega," nikasema, "mwana wa Nalongo, fundi wa redio. Walimpandisha gari asubuhi, mbele ya mama yake. Wamemuua."

"Juu," Nalongo akasema.

Mmoja wa watoto pale ukutani alikuwa ameanza kulia. Nikajaza kifua, nikageuka upande wa kambi, nikaanza upya tangu jina.